Siku Ambayo London Haina Treni: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja kutoka Tanga

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 25 Desemba 2023, familia ya watu watano kutoka Tanga ilisimama kwa muda wa karibu saa mbili nje ya jengo la ghorofa huko Stratford, mashariki mwa London, ikiwa na mabegi manane, bila ufunguo, bila intaneti, na bila chombo chochote cha usafiri wa umma cha kuitoa hapo. Hawakuwa wamepotea. Anwani ilikuwa sahihi, viza zao zilikuwa halali, nyumba ilikuwa imelipiwa tangu Septemba, na ndege yao ilikuwa imetua kabla ya wakati. Kila mmoja wao alikuwa amevaa vizuri kuliko wenyeji. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mbili: kwanza, kila aliyekisikia alikimbilia kusema kwamba ni baridi iliyowatesa, na hilo si kweli; pili, mmoja wa waliosababisha yaliyotokea ni mimi.

Niwatambulishe wahusika bila kutaja majina. Yupo mdogo wangu wa kike, mwalimu. Yupo mumewe, yaani shemeji yangu, ambaye kazi yake ya forodha imewahi kumfikisha Ulaya mara moja. Wapo watoto wao wawili, wa miaka 12 na 7. Na yupo mama mzazi wa shemeji, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, mwenye presha na sukari, na mwenye maoni kuhusu kila kitu. Mimi ni muuguzi na ninaishi kusini mwa mto Thames katika chumba kimoja ambacho mgeni wa pili akiingia, wa kwanza inabidi asimame. Ndiyo maana walikodi nyumba yao wenyewe kwa siku kumi.

Walichagua Desemba kwa sababu ambayo mzazi yeyote wa Tanzania ataielewa: ndipo shule zinapofunga kwa muda mrefu. Sikukuu yenyewe haikuwahusu kidini, kwa kuwa ni Waislamu, lakini watoto walikuwa wameona kwenye simu taa za Regent Street na walitaka kusimama chini yake. Tarehe 25 yenyewe ilichaguliwa na wakala wa tiketi, aliyegundua kwamba safari ya kuwasili siku hiyo ilikuwa rahisi kwa takriban pauni 70 kwa kila abiria ikilinganishwa na safari ya siku mbili kabla. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu auze kiti kwa bei ya chini katikati ya msimu wa bei za juu. Jibu ni kwamba wengi wanaokwenda kusherehekea hutaka wawe wameshafika mkesha wake, na anayefika siku yenyewe hupewa unafuu kwenye ndege kisha hudaiwa ardhini.

Kuanzia Agosti hadi siku ya kuondoka, maandalizi yote yalihusu baridi. Mdogo wangu alikwenda Dar es Salaam, akapita soko la mitumba la Karume, akarudi na makoti matano mazito, moja likiwa bado na lebo ya duka la Uingereza, koti ambalo bila shaka lilikuwa likirejea kwao baada ya kuona dunia. Mabegi mawili kati ya yale manane yalijaa sweta tupu. Nilipigiwa simu kuhusu soksi. Nilipigiwa simu kuhusu mafuta ya midomo. Bi Mkubwa aliniuliza kama ni kweli kwamba masikio huweza kukatika. Katika miezi minne ya simu hizo, hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza swali lolote kuhusu kalenda, na mimi, ninayeishi humu kwa miaka tisa, sikulitaja neno hilo hata mara moja.

Kinyume cha matarajio, baridi haikufika. Mkesha wa Krismasi mwaka huo, kipimo cha Heathrow kilisoma nyuzi 15.3, na ulikuwa mkesha wenye joto zaidi nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu na upepo, hali ambayo mtu wa Lushoto angeiona ya kawaida. Shemeji alitokea uwanja wa ndege akiwa ametoka jasho mgongoni.

Sasa tuangalie mpango wao, kwa kuwa kosa limelala ndani yake. Mwezi Oktoba, mdogo wangu aliingia kwenye programu ya ramani, akaandika mahali pa kuondokea na pa kufikia, na akapewa njia safi: treni ya Elizabeth, ile iliyofunguliwa Mei 2022, kutoka Heathrow kupitia katikati ya jiji hadi upande wa mashariki, muda wa takriban saa moja. Alipiga picha ya skrini na kuihifadhi. Ninayo picha hiyo, alinitumia baadaye. Juu kabisa, kwa maandishi madogo, imeandikwa siku na saa aliyotafuta: Jumanne ya Oktoba, saa nane mchana. Ramani ilimpa jibu la kweli kwa swali ambalo hakukusudia kuuliza. Alitaka kujua treni za tarehe 25 Desemba, akaonyeshwa za Jumanne isiyo na jina.

Juu ya picha hiyo waliujenga mpango mzima. Watatua alfajiri, watapanda treni, wataweka mabegi kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo pale stesheni, watawapeleka watoto kwenye jumba la makumbusho lenye mifupa ya dinosaria, watakula mchana, na saa tisa alasiri watapokea nambari ya siri ya kufungulia kisanduku cha ufunguo. Kwa siku nyingine yoyote ya juma ningeusifu mpango huo. Kwa tarehe 25 Desemba, hakuna hata kipande kimoja ndani yake kilichoweza kufanya kazi.

Jijini London siku hiyo treni za chini ya ardhi hazitembei kabisa. Mabasi mekundu hayatembei. Treni za Elizabeth, treni nyepesi za Docklands, tramu za Croydon, vyote vimelala, na treni za kitaifa za kwenda mikoani nazo hivyo hivyo. Huu si upungufu wa huduma wala mgomo. Ndiyo ratiba yenyewe, inajulikana na hutangazwa mapema, na hurudi kila mwaka. Makumbusho makubwa, likiwemo lile la Historia ya Asili lenye mifupa ya dinosaria na lile la British Museum, hufungwa tangu tarehe 24 hadi 26. Mnara wa London vilevile. Kuhusu maduka, ipo sheria: bunge lilipitisha mwaka 2004 Sheria ya Biashara ya Siku ya Krismasi, ambayo kwa England na Wales inayakataza maduka mengi makubwa ya rejareja, yenye eneo la zaidi ya meta za mraba 280, kufungua siku hiyo. Duka dogo la mtaani linaruhusiwa, na mengi ya wahamiaji hufungua. Lakini jumba kubwa la maduka la Stratford, ambalo shemeji aliliona kwenye ramani na kujiambia kwamba hata mambo yakiharibika watakaa humo ndani kwenye joto, lilikuwa limefungwa.

Watoke Tanga, waje kuambiwa kwamba sikukuu ni siku ya kutokuwa na usafiri! Kwetu sikukuu ndiyo siku ya daladala. Idd ikifika, gari linalopaki siku nyingine huingizwa barabarani, watoto wamepakwa hina na kupewa viatu vipya, na konda anapanga watu mpaka mlangoni. Msafiri hubeba kichwani mwake sikukuu ya kwao, na huitandika juu ya mji alioufikia bila hata kujua kwamba anafanya hivyo.

Shemeji alikuwa na sababu nyingine ya kujiamini, na hii ndiyo iliyonishughulisha zaidi nilipokaa kukichambua kisa. Miaka kadhaa nyuma alihudhuria mafunzo jijini Paris mwezi Desemba, na tarehe 25 alipanda metro akaenda kuuona Mnara wa Eiffel. Metro ya Paris hutembea siku ya Krismasi kwa ratiba ya sikukuu. Vienna vilevile. Huko Ujerumani treni za mijini hutembea, ila maduka hufunga siku mbili nzima, 25 na 26, na tarehe 24 hufunga mapema mchana. Kila mji una namna yake ya kulala. Shemeji aliuona mmoja, akajua ya Ulaya yote. Mdogo wangu alipomuuliza mara moja, mwezi Novemba, kama kweli treni zitakuwepo siku ya sikukuu, alimjibu kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake: «Mimi nimepanda Krismasi, mama watoto, usiwe na hofu.» Asiyewahi kufika Ulaya katika nyumba ile alikuwa karibu zaidi na swali sahihi kuliko aliyefika.

Ndege ilitua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili walikuwa wameshapita uhamiaji na kuchukua mizigo, nje jua ndiyo kwanza linachomoza, kwa sababu London mwishoni mwa Desemba hupambazukiwa yapata saa mbili na dakika tano. Walifuata vibao hadi kwenye mlango wa treni, wakakuta umeshushwa chuma na tangazo limebandikwa. Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti akitumia intaneti ya uwanja wa ndege: «Kaka, huku wamefunga. Wameandika hakuna treni leo. Leo nzima. Tufanyeje?» Ujumbe huo ulinifikia saa mbili na dakika 11. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la chumba cha kubadilishia nguo, na mimi nilikuwa wodini tangu saa moja na nusu, nikigawa dawa.

Hapo kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege ndipo ulipofanyika uamuzi ulioibadilisha kadhia ndogo kuwa kadhia kubwa. Walikuwa na njia tatu. Wangeweza kubaki palepale, kwani Heathrow haifungwi siku ya Krismasi, kuna vyoo, viti, chakula na intaneti, na wangesubiri hadi alasiri ndipo waondoke. Wangeweza kuuliza mabasi ya masafa marefu, ambayo machache hutoka uwanja wa ndege hata siku hiyo, ingawa viti vyake hununuliwa mapema. Au wangeweza kuchukua teksi. Kukaa uwanja wa ndege ndilo lililokuwa jibu bora, na sijui msafiri hata mmoja ambaye angelichagua, maana mtu aliyekaa angani na kwenye uwanja wa mapito usiku kucha haoni uwanja wa ndege kama mahali pa kukaa. Anauona kama mahali pa kutoka. Shemeji alisema kwamba watoto wamechoka na mama amechoka, wacha wafike kwanza. Wakachukua teksi mbili kwa sababu ya mabegi. Ukijumlisha umbali, kiwango cha sikukuu na ada ya ziada ya siku hiyo, walilipa pauni 248. Kati ya pauni 350 walizookoa kwenye tiketi zikabaki 102, na jua lilikuwa halijapanda.

Kilichowaumiza zaidi ni kwamba walipouacha uwanja wa ndege waliiacha na intaneti. Hawakuwa na laini ya simu ya Uingereza. Walipanga kuinunua mjini. Laini ya shemeji ya Tanzania ilikuwa imezimwa kwa hofu ya gharama za ughaibuni. Kwa hiyo walifika Stratford saa tatu na nusu wakiwa watu watano wasioweza kupigiwa, mbele ya mlango ambao nambari yake ya siri ingetumwa saa tisa alasiri kwa njia ya intaneti ambayo hawana. Mwenye nyumba hakufanya kosa lolote. Aliandika saa tisa, na saa tisa aliituma.

Wasomaji wanaoijua Stratford wataweza kuuona uwanja ule. Siku za kawaida hapo hupita watu kama siafu kati ya stesheni, kituo cha mabasi na jumba la maduka, na kelele haziishi. Asubuhi ile, alinisimulia mdogo wangu, walisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti, ngi, ngi, ngi, na hakuna kingine. Njiwa walikuwa wengi kuliko watu. Kituo cha mabasi kilikuwa wazi kwa upepo na hakuna basi hata moja ndani yake. Bi Mkubwa alikaa juu ya begi kubwa la bluu, akauangalia mji mkuu wa Uingereza kushoto na kulia, akauliza: «Mwanangu, hawa watu wamehama?» Mtoto mdogo alihitaji choo, na vyoo vyote walivyovijua vilikuwa ndani ya majengo yaliyofungwa.

Aliyewaokoa kwa hatua ya kwanza ni mhudumu wa mapokezi wa hoteli iliyo hatua chache kutoka hapo, kijana ambaye aliwaona kupitia kioo, akatoka, na kumruhusu Bi Mkubwa na watoto waingie watumie choo na wakae kwenye viti vya ukumbini. Hawakuwa wateja wake. Tukio hilo dogo lina somo kubwa la vitendo kuliko makoti yote matano: siku ambayo mji mzima umefungwa, hoteli ni mojawapo ya majengo machache ambayo huwa na mtu macho. Nyumba ya kukodi ni rahisi kwa familia, ina jiko, ina mashine ya kufulia, na kwa siku tisa kati ya zile kumi ilikuwa uamuzi mzuri. Siku ya kwanza, kwa mtu anayefika tarehe 25, ilipaswa kulaliwa hotelini, ikiwezekana jirani kabisa na uwanja wa ndege, penye mapokezi ya saa 24 na chumba kinachoweza kuombwa mapema. Gharama ya usiku mmoja ingekuwa chini ya zile teksi mbili.

Shemeji aliiwasha laini yake ya Tanzania saa nne na dakika 20. Mimi nilitoka kwenda mapumziko saa tano kasorobo, nikafungua kabati, nikakuta ujumbe saba. Huo wa mwisho ulikuwa mfupi: «Kaka, tuko nje.»

Niseme wazi kuhusu sehemu yangu, kwa sababu uchambuzi unaomsamehe mchambuzi hauna maana. Mwezi Agosti mdogo wangu aliniuliza watafikaje mjini, nikamjibu kwa neno moja: treni. Nilijibu hivyo nikijua tarehe yao ya kuwasili. Na wakati huohuo, mwezi Novemba, kama nifanyavyo kila mwaka, nilikuwa nimeshapanga na muuguzi mwenzangu, mama wa Kighana mwenye gari, anipitie alfajiri ya tarehe 25 anipeleke kazini, kwa kuwa mimi sina gari na siku hiyo hakuna basi. Yaani jambo lilelile nililokuwa nimelitatua kwa ajili yangu sikulihusisha na wao. Kichwani mwangu «hakuna usafiri siku ya Krismasi» lilikuwa jambo la kazini, la zamu, la sisi wauguzi, walinzi na wafagiaji tunaoamka wakati mji umelala. Wageni niliwaweka kwenye fungu jingine, la taa na makumbusho. Mazoea yana taabu. Ningeweza kumlaumu wakala au ramani au metro ya Paris, lakini wao hawakuwa na miaka tisa ya kuitafuta gari ya alfajiri.

Sikuweza kuondoka wodini. Nilichokifanya ni kuandika kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa London, mistari mitatu tu: nani yuko mashariki, nani ana gari, kuna mama mtu mzima yuko nje. Ndani ya dakika nne alijibu mzee mmoja wa Unguja anayeishi Forest Gate, mtaa unaopakana na Stratford, akasema hana haja ya maelezo zaidi, nitume nambari ya simu tu. Saa tano na dakika 25 alikuwa ameshafika. Gari lake ni dogo, kwa hiyo alienda safari mbili, ya kwanza akimchukua Bi Mkubwa, mdogo wangu na watoto, ya pili akimchukua shemeji na mabegi, begi moja likiwa mapajani mwake. Ningependa kuongeza kwamba baiskeli za kukodi zilikuwepo barabarani siku hiyo, na kwamba Tanga ni mji wa baiskeli na Bi Mkubwa mwenyewe aliiendesha hadi uzeeni, lakini begi la kilo 23 halipakiwi karia.

Nyumbani kwa mzee yule kulikuwa na watu 14 kabla wao hawajafika. Hii nayo haikuwa ajali. Familia nyingi za Waswahili Waislamu ninazozijua hapa hukusanyika tarehe 25 Desemba kuliko wanavyokusanyika hata Idd, kwa sababu rahisi kwamba Idd huwakuta watu kazini na shuleni, lakini siku hii kila mtu amepewa mapumziko apende asipende, na wenye magari huwazungukia wasio nayo tangu usiku wa kuamkia. Sinia za pilau zilikuwa zimeshapakuliwa. Mke wa mzee alimpokea Bi Mkubwa mlangoni kwa shikamoo, akamvua lile koti la mtumba, akampa kanga na chai ya tangawizi, na kuanzia hapo, kwa maneno ya mdogo wangu, Bi Mkubwa hakuhesabiwa tena kuwa mgeni bali kuwa mwamuzi wa pilau.

Jambo moja lilimshangaza kuliko treni. Aliswali adhuhuri punde baada ya saa sita mchana, hajamaliza hata kuzungumza vizuri na wenyeji akaambiwa alasiri imeingia, ilikuwa saa nane kasoro, na kabla ya saa kumi magharibi ikaadhiniwa kwenye simu ya mtu. Alidhani simu imeharibika. Alitoka hadi dirishani kuhakikisha kwamba kweli jua limezama. Swala tatu ndani ya saa nne. Alisema kwamba huku hata udhu haupati muda wa kukauka. Msafiri anayepanga matembezi ya Desemba hana budi kuijua hesabu hiyo hata kama haswali, maana urefu wa mchana wa London wakati huo hauzidi muda wa saa nane, na kila kitu kinachohitaji mwanga kinapaswa kuwekwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Nambari ya siri ilikuwa imeshasomwa kwenye simu ya mwenyeji tangu saa tisa na robo; baada ya magharibi mzee akawapeleka, wakaingia ndani, na wakalala hadi kesho yake.

Siku zilizofuata nazipitia haraka. Tarehe 26, inayoitwa Boxing Day na ambayo nayo ni sikukuu ya serikali, treni za chini ya ardhi zilirudi kwa ratiba iliyopunguzwa, makumbusho bado yamefungwa, na maduka yakafunguliwa kwa punguzo la bei ambalo lilimfanya mdogo wangu ajute mabegi mawili ya sweta. Tarehe 27 watoto waliiona mifupa ya dinosaria. Walisimama chini ya taa za Regent Street, na pale Trafalgar Square waliuona mti ambao mji wa Oslo huipatia London kila mwaka tangu 1947, ukiwa shukrani kwa msaada wa wakati wa vita. Shemeji aliutazama kwa muda na kusema kwamba kwa mti uliosafiri mbali hivyo, ungenenepa kidogo.

Yeye ndiye aliyebadilika zaidi. Hakuamini tena treni yoyote. Kwa siku kadhaa aliniuliza kila asubuhi kama njia fulani inatembea, nikalazimika kumweleza kwa nini reli za Uingereza hupenda kufungwa kipindi hiki: abiria ni wachache, na ndiyo nafasi adimu ya mafundi kung'oa na kubadilisha njia bila kuvuruga kazi za watu. Nikamsimulia pia yaliyotokea tarehe 27 Desemba 2014, pale ukarabati ulipopitiliza muda, stesheni kubwa ya King's Cross ikashindwa kufunguliwa, na abiria wakaelekezwa Finsbury Park, stesheni ndogo isiyoweza kuwabeba, wakajipanga foleni hadi barabarani. Nilidhani nampa elimu. Kumbe nilikuwa namwongezea hoja: aliahirisha safari yao ya Birmingham ya tarehe 28, akasema ataiona kwenye picha. Tarehe 30, maji yalipofurika kwenye mahandaki ya reli chini ya Thames na treni zote za kwenda Paris kutoka St Pancras zikafutwa, alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Hakuwa na tiketi ya kwenda Paris. Alitaka tu nijue.

Usiku wa mwaka mpya ndio ulionionyesha kwamba familia imeshaujua mji. Watoto walitaka fataki za kando ya Thames. Zamani mtu aliweza kufika tu na kusimama, lakini tangu 2014 ni lazima tiketi, na mwaka 2023 tiketi moja iliuzwa pauni 20 na zilikuwa zimekwisha kitambo. Safari hii swali liliulizwa mapema, tarehe 28, na liliulizwa vizuri. Mdogo wangu hakuniuliza wavae nini. Aliniuliza barabara zipi zitafungwa, tangu saa ngapi, stesheni zipi hazitasimamisha treni, na watarudije Stratford na mtoto wa miaka 7 amelala begani. Tuliyapitia majibu pamoja, tukakubaliana kwamba katikati ya jiji si kwao.

Wakaamua jambo ambalo mimi katika miaka tisa sijawahi kulifikiria. Usiku wa tarehe 31 usafiri wa umma wa London huwa bure kuanzia saa sita kasorobo usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri, na baadhi ya njia za chini ya ardhi hutembea usiku kucha. Stratford ndiyo mwanzo wa njia ya Jubilee. Saa sita kasoro dakika kumi walipanda wote watano, nami nikiwa wa sita, wakaketi kwenye behewa lililokuwa karibu tupu, na Bi Mkubwa akatangaza kwamba haturudi mpaka mwisho wa reli, kwa kuwa treni hizi zina deni naye. Mwaka mpya ulituingilia tukiwa chini ya ardhi, watu tusiowajua wakatupigia makofi, na mtoto mdogo hakuona fataki hata moja kwa kuwa alikuwa ameshalala. Tulipotoka Stanmore, stesheni ya mwisho, ya 27, upande wa pili wa jiji, Bi Mkubwa alimsogelea mfanyakazi wa stesheni aliyevaa koti la rangi ya chungwa, akanivuta mkono nimtafsirie, na kumuuliza kama kesho, tarehe mosi, ambayo nayo ni sikukuu, treni zipo. Kijana akasema zipo, kwa ratiba ya sikukuu. Bi Mkubwa akamwambia aseme mara ya pili.